Adui wa Gundi Anastaafu

Tarehe 30 Juni, Mama Msonyo atakabidhi funguo za karakana ya baiskeli za wauguzi, baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wauguzi, kwa jinsi anavyoisonya kila baiskeli inayoingia mlangoni kabla hata hajaambiwa ina tatizo gani.

Mwandishi wa wasifu huu ni mtunza stoo, aliyekaa naye ukuta kwa ukuta. Ameombwa aandike maneno mazuri, na atajitahidi.

Mama Msonyo aliajiriwa kama fundi msaidizi, akapanda hadi kuwa mkuu wa karakana, ingawa si kwa kupendwa na wakubwa. Waliwahi kumpeleka semina ya lugha nzuri kwa wateja. Alirudi kabla ya chakula cha mchana, akisema hawezi kufundishwa na mtu aliyekalia kiti kinachopepesuka na asione haya.

Lakini hakuna alichokidharau kama gundi. Kwa wasiojua, kerieri ya kubebea sanduku la dawa hushikwa na bolti zinazoingia kwenye nati ndogo zilizopachikwa ndani ya bomba la fremu. Nati ikilegea tunduni, huzunguka pamoja na bolti: haikaziki, haitoki. Mafundi wa njiani huimiminia gundi na kujidai wameponya. Baiskeli za namna hiyo Mama alizitundika ukutani, gundi ikichuruzika kama kamasi, kila apitaye aone.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa, muuguzi anayehudumia wagonjwa majumbani aliingia akisukuma baiskeli yake. Nati ya kushoto ilikuwa imelegea tena. Sanduku lilikuwa limedondoka kwenye maji, na mzee mmoja mwenye kisukari alikosa sindano yake siku hiyo. Mama hakuuliza habari za mzee.

"Sista, unakaza bolti kama unaua nyoka," alimwambia. "Nati haina kosa. Mkono wako ndio mbovu."

Muuguzi yule alikuwa mpole, lakini siku hiyo upole ulimwishia. "Mama, bolti hiyo umeikaza wewe. Mimi hata spana sina. Kesho twende wote, uione njia inayopita hii baiskeli."

Kesho yake Mama akaenda. Kwenye mteremko wa mawe aliliona sanduku likirukaruka na kerieri ikizivuta nati kama anayeng'oa meno. Kisha aliketi kwenye chumba cha yule mzee, sindano ikichomwa. Mzee alimshukuru kwa kumletea dawa, akidhani ni muuguzi mgeni. Mama hakumsahihisha. Baadaye alirudi kwake mara kadhaa, akidai anakagua kerieri.

Siku ile alirejea na matope hadi magotini, asimsalimie mtu. Aliibana nati mbovu kwa koleo isizunguke, akaitoboa kwa keekee taratibu hadi kichwa chake kilichobaki nje ya tundu kikakatika, akayasukumia mabaki ndani ya bomba na kuitikisa fremu mpaka yakatoka. Tundu lilikuwa limetanuka, kwa hiyo alilisafisha kwa tupa, akapachika nati ya chuma iliyo nene zaidi, akaikaza hadi ikauma ukuta wa bomba. Chini ya kerieri akaongeza mkono wa chuma wa kubeba uzito, nati zisiachiwe kazi peke yake. Kisha akazifanyia vivyo hivyo baiskeli zote.

Radhi hakuomba. Alimkabidhi muuguzi baiskeli na kumwambia, "Sasa ukidondosha sanduku, sema umelitupa." Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo wakawa marafiki, kama watu wanaochambana kila asubuhi wanaweza kuitwa hivyo.

Ofisi ya manunuzi nayo ilipata fungu lake. Iliponunua nati laini za alumini kwa kuwa zinang'aa, Mama aliubeba mzigo wote mwenyewe, akaumwaga juu ya meza ya afisa. "Hivi ni vifungo," alisema. "Kashoneeni mashati." Nati za chuma zililetwa wiki iliyofuata. Masanduku bado hudondoka, kwa sababu ya mbwa, mbuzi na wauguzi wanaosoma simu wakiendesha, lakini si kwa sababu ya nati.

Mama, asante kwa kutudharau tulipostahili, na mara nyingi tulistahili. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na haraka, magoti yasiyolalamika, na majirani wanaojua kukaza bolti. Kama hawajui, basi tunawaombea wao.