Labda ya Sita Si Yake

Ndani ya basi la kwenda Bondo, mama aliyekaa mbele yangu alimaliza mandazi, kisha akanyoosha kipande cha gazeti alichofungiwa mandazi hayo. “Dalili saba za mume anayetaka kukuacha,” akasoma. “Dada, tano zote ni za Dishon wangu. Hata hii ya kukataa chakula.”

“Wangu pia hurudi ameshiba,” jirani yake akacheka. “Ameshiba pombe ya chang'aa. Mama, tupa hiyo karatasi!”

“Nitatupaje? Imeraruka hapa kwa tano. Labda ya sita si yake.”

“Na ikiwa ni yake?”

“Itabaki ya saba.”

Jirani hakucheka tena. Mimi nilitazama nje kama mtu asiyesikia.

Basi liliposimama, yule mama alimwita muuza mandazi dirishani, ingawa hakuwa na njaa. “Nifungie na gazeti,” alimwambia. “Ile iko na namba sita na saba.”