Motakaa Iliyokataa Kuamka Asubuhi

Sifa zote ni za Mola aliyetukutanisha hapa barazani, ndugu zangu! Nawasalimu nyote, wazee kwa vijana, na kina mama mliokaa upande ule. Najua wengine mnashangaa kuniona nimetoka ndani ya msikiti pamoja nanyi. Mshangae tu, hata mimi nashangaa! Nimeomba ruhusa ya imamu niseme jinsi Mungu alivyoniokoa wiki hii, na jinsi mtu asiye na kosa alivyoponea chupuchupu kuchapwa viboko kwa sababu ya kalamu yangu. Nitasema yote. Sitaruka kitu.

Mimi ni mtoto wa hapa. Marehemu baba yangu mlimjua, yule mwenye minazi kwenye njia ya Kiegeani. Nilipokuwa na miaka minane alinipeleka Unguja kwa ami yangu nikasome, na kutoka Unguja nikafika Ulaya, nikaingia chuo kikuu, nikasomea injini. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Mwalimu akisema chuma hiki kinahimili moto, nauliza nani aliyekipima. Akisema amekipima yeye, naomba kuona daftari. Walimu walinipenda kwa hilo, nami nikajipenda zaidi kuliko walivyonipenda wao. Mwaka wa pili nikaacha kusali. Sikuwa mlevi, sikuwa mwizi. Niliuliza tu, nikaona sijajibiwa, nikakunja msala nikauweka chini ya sanduku.

Nilipomaliza masomo nikapata kazi katika kiwanda cha motakaa, katika chumba cha wapimaji. Ndugu zangu, watu hudhani kazi ile ni kuendesha gari na kupungiwa mikono. Wapi! Unasimama kutwa nzima mbele ya injini moja, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko. Unaisikiliza kwa ufito wa chuma, ncha moja kwenye injini, nyingine sikioni. Unaandika imekula mafuta kiasi gani, imepata joto gani, imekohoa mara ngapi. Kisha unabadilisha kitu kimoja, kimoja tu, unaanza upya. Ni kazi ya subira, nami niliipenda, naipenda mpaka leo. Lakini lengo langu lilikuwa meza. Juu ya chumba chetu kilikuwapo chumba cha wachoraji, wanaobuni injini mpya kwenye karatasi, na kila nilipopanda ngazi ile niliitazama meza iliyokuwa tupu dirishani. Nilisema: ile ni yangu.

Basi kiwanda kikatengeneza motakaa ya mizigo isiyohitaji mafuta ya kutoka Ulaya. Inatumia mafuta ya nazi! Kichwa cha injini kinapashwa kwanza kwa taa ya moto, mafuta yanaingia yanalipuka, gari linakwenda. Kule kwenye baridi mafuta ya nazi huganda kama samli, kwa hiyo tangi lilifungiwa chombo cha kuyapasha. Mimi nikaandika ripoti nikasema: chombo hiki kitolewe, kinaongeza uzito bure, gari linakwenda nchi za joto na katika nchi za joto mafuta hayagandi. Mwalimu wangu mmoja alikuwa ameyasema hayo darasani. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza! Wakubwa wakafurahi, wakakitoa, wakaniambia: nenda nalo kwenu Mafia ukalijaribu. Mkaguzi atakuja na meli. Likienda vizuri mbele yake, meza ni yako.

Nikaja katikati ya kipupwe. Mliliona lile banda la bati karibu na pwani. Nikaajiri mlinzi mmoja, Makame bin Shaha, mtu wa Juani, mtu mzima mwenye watoto wanne. Nyote mnamjua kwa mizaha yake. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Mafuta nilinunua Miburani kwa Bi Mwanaidi, ambaye hukamua tui na kulichemsha vizuri kuliko mtu yeyote upande huu.

Siku ya kwanza nilijaribu gari mchana, likaenda kama ndege! Siku ya pili nikaamka kabla ya jua, maana mkaguzi alitaka kuliona likianza kazi alfajiri kama wafanyakazi wa shamba. Nikawasha taa, nikapasha kichwa hadi kikawa chekundu, nikazungusha gurudumu la kuwashia injini. Kimya. Nikazungusha tena. Kimya kabisa! Nikangoja kichwa kipoe nipate kukifungua, na kufikia hapo jua lilikuwa limeshapanda na bati la banda limepata moto. Nikafungua bomba la mafuta: safi, mafuta yanatiririka kama maji. Nikarudisha kila kitu, nikazungusha, gari likawaka.

Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne vilevile. Asubuhi limekufa, saa nne liko hai, na ndani sikuti kosa lolote. Nilifungua kila skrubu, ndugu zangu. Nilikonda. Nikamwita Makame.

"Nani anaingia humu?"

"Mimi na mijusi, bwana."

"Sitaki mzaha. Gari hili linaguswa."

Makame akajifunika shuka lake mabegani, akalitazama gari. "Labda nalo halipendi kuamka. Kipupwe hiki, bwana, hata mimi nikiambiwa nizunguke asubuhi nitakataa."

Alikuwa amenipa jibu lote! Nami nikaandika kwenye daftari: mlinzi ana dharau.

Siku ya tano meli ikatia nanga, mkaguzi akashuka, akafikia bomani kwa Bwana Shauri, mtawala wetu wa Kidachi. Nikaona meza yangu ya dirishani inaondoka. Ndipo shetani wangu akanipa hesabu nzuri sana: injini haina kosa, mafuta hayana kosa, mimi sina kosa, amebaki mwenye ufunguo. Ilikuwa Ijumaa. Nikaja hapa, mkitoka kusali, nikasimama pale nje na kumwonyesha kidole Makame mbele yenu wote. Nikasema anatia mchanga kwenye injini. Mlinisikia. Mzee mmoja akaniuliza, "Umeuona huo mchanga, kijana?" Nami, mtu wa kudai ushahidi, nikamjibu, "Sihitaji kuuona!"

Makame alivaa kandambili zake akaenda zake nyumbani. Nikaandika barua bomani. Jioni ileile askari wawili wakamchukua, na jibu likaja: kesho saa mbili asubuhi, hamsa wa ishirini, mkaguzi akiwapo. Viboko ishirini na vitano, ndugu zangu, kwa mgongo wa baba wa watoto wanne. Na mkaguzi akaniletea salamu: kosa la mlinzi si kosa la gari, usiwe na wasiwasi.

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Hata hivyo kabla hakujapambazuka nilikuwa njiani kwenda Miburani. Kwa nini? Nitawaambia ukweli: sikwenda kwa ajili ya huruma. Swali la yule mzee lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sikuwa nimeuona mchanga. Nikasema labda Bi Mwanaidi anatia maji kwenye mafuta. Nikimkuta akitia, nitakuwa na ushahidi wa kitu fulani, chochote.

Nilimkuta jikoni, amechuchumaa mbele ya sufuria ya maji ya moto, anatumbukiza chupa moja baada ya nyingine. Nikaruka uani kama askari.

"Nimekukamata! Unatia nini humo?"

Hakushtuka hata kidogo. "Kwanza marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, bibi. Unatia nini?"

"Natia chupa kwenye maji. Macho unayo, ya kutazamia nini?"

Akanipa chupa moja ambayo haijaingia majini. Nikaipindua, hakikutoka kitu. Nikaiinua kwenye mwanga wa moto. Nyeupe! Imeganda chupa nzima, nyeupe kama chokaa.

"Mafuta yanaganda huku?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Kipupwe kikiingia, kila asubuhi. Jua likipanda yanajiyeyukia yenyewe, lakini wateja wangu wa vitumbua hawangoji jua. Wewe si wa hapa?"

"Ni wa hapa."

"Wa hapa, hujui mafuta ya nazi!" Akamwita binti yake chumbani. "Zuhura! Njoo umwone msomi! Amevuka bahari mbili, amerudi kuuliza mafuta yanagandaje!"

"Mbona hukuniambia, bibi?"

Hapo akaacha kucheka. "Hukuniuliza. Umekuja kwangu mara tatu. Umepima debe langu kwa ukambaa, umenusa, umetia kijiti, umeandika. Mimi mwenyewe hujanisemesha. Nikadhani wenzetu mliosoma mnaongea na madebe tu."

Ndugu zangu, nilikimbia! Nilikimbia kutoka Miburani hadi bandani na chupa mkononi, kanzu nimeikunja kiunoni. Ufunguo ulikuwa kwangu tangu Makame alipochukuliwa. Jua lilikuwa bado. Safari hii sikuwasha taa, sikungoja chochote. Nikafungua tangi, nikatia mkono. Ukazama kwenye mafuta mazito meupe, na bomba lilikuwa limezibwa nayo kama kizibo cha chupa. Siku zote tatu lilikuwa linazibwa alfajiri na kuzibuka jua likiwaka, wakati mimi nakaa pale nangoja chuma kipoe!

Nikaketi chini. Nikacheka hadi machozi yakatoka, kisha nikagundua sicheki tena. Nikaweka paji la uso kwenye mchanga wa lile banda. Sikuwa nimesujudu miaka mitano. Sikujua niseme nini, nikasema, "Ee Mola, sikujua." Basi. Na mwili wangu wote ukawa mwepesi! Nilikuwa nimebeba mzigo wa kujua kila kitu, na sikuwahi kufahamu ni mzito kiasi gani mpaka ulipodondoka.

Lakini saa mbili ilikuwa inakuja. Na njiani kwenda bomani meza ile ya dirishani ilinisemesha, siwafichi. Iliniambia: nyamaza tu, waseme mlinzi amesamehewa, usitaje ile ripoti yako. Nikaenda haraka zaidi nisiisikie.

Makame alikuwa ameshatolewa uani, amevuliwa shati. Mkaguzi na Bwana Shauri wamekaa vitini. Nikapita katikati ya askari, nikageuza ile chupa juu chini mbele yao. Hakikudondoka kitu.

"Mtu huyu hana kosa," nikasema. "Gari limegandishiwa mafuta na baridi ya asubuhi. Chombo cha kuyapasha niliagiza kitolewe mimi, kwa mkono wangu, na sikuwa nimepima. Nilimsingizia."

Mkaguzi akauliza, "Unajua unasema nini juu yako mwenyewe?"

"Najua."

Akatoa kalamu akafuta mstari mmoja katika karatasi zake. Nikaona jina langu likikatwa. Nami, msiniamini mkitaka, nikatabasamu! Makame alikuwa anavaa shati lake, mgongo mzima, hauna hata mkwaruzo, na sijaona kitu kizuri kama hicho katika nchi zote nilizopita.

Nikamfuata mlangoni nikampa mkono. Hakuupokea.

"Nimekusikia," akasema. "Umenisafisha mbele ya Wadachi wawili. Wale hawanijui. Walio msikitini ndio wanaonijua."

"Nifanye nini?"

"Ijumaa. Palepale. Kwa sauti ileile."

Hata hivyo Jumatatu alfajiri nikamkuta bandani amewasha moto. "Kazi ni kazi," akaniambia, bila kunitazama. Bi Mwanaidi alikuja na sufuria yake kubwa kuliko zote, tukaliogesha tangi na bomba kwa maji ya moto kama mtoto mchanga, naye akitukemea, "Polepole, mtalichuna ngozi!" Nikapasha kichwa cha injini, nikazungusha gurudumu mara moja. Likanguruma! Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilizidi hata kishindo cha injini. Tulipakia mbata hadi pomoni, tukaenda Kiegeani na kurudi, na mkaguzi mwenyewe akashikilia vyuma vya gari kwa mikono miwili akicheka.

Meza sikuipata. Mkaguzi ameondoka, ameniacha hapa mwaka mzima nibuni njia ya kuyapasha mafuta kwa moshi wa injini yenyewe, na ameniagiza niandike kila asubuhi ina baridi gani. Nimeshaanza. Na katika daftari langu kuna safu mpya, ya yale niliyoambiwa na watu. Ya Bi Mwanaidi yamejaza kurasa mbili.

Ndugu zangu, maswali yangu sijayaacha. Imamu ni shahidi, nimemchosha tangu Jumamosi, na mengine ameniambia hajui, nami nimempenda zaidi. Lakini sasa nauliza nikiwa nimepiga magoti, kama mtu anayengoja kujibiwa. Wewe kijana uliyesimama kule nyuma, unayeona haya kuingia kwa sababu una shaka, ingia nayo! Mungu haogopi kuulizwa. Mwamini katika hilo dogo kwanza, umwone atakavyokufungulia mengine. Mimi alinifungulia kwa chupa ya mafuta ya kupikia.

Sasa nasema lile lililonileta, kwa sauti ileile. Makame bin Shaha hakutia mchanga! Hakugusa kitu! Nilimzulia uongo mbele yenu ili nipate cheo, na yeyote aliyemtazama kwa jicho baya wiki hii, lawama ni yangu. Ndugu yangu Makame, mbele ya wanaokujua, naomba radhi.

Nimemwona, amesimama. Jamani, msimzuie kwa kumpa pole, mpisheni. Mpisheni, anakuja!