Samaki Wawili wa Bi. Pechiyammal

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Pechiyammal, fundi mkuu wa bendera katika studio yetu ya filamu hapa Kodambakkam, mjini Madras, anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Chumba cha mavazi hakijapata kuwa kimya namna hii, na hata hajaondoka bado.

Alikuja Madras kutoka Madurai akiwa bibi harusi, akaajiriwa kushona vifungo vya askari. Siku moja mwongozaji akataka bendera za falme za kale kabla jua halijazama. Wachola wana chui milia, Wachera upinde, Wapandya samaki. Hayo kila mtu anayajua. Lakini chui wa rangi gani? Samaki wangapi? Nani aliyeziona? Bi. Pechi hakubabaika. Alichora samaki wawili, wanene, kama wale wa Mto Vaigai wa kwao Madurai, mji wa Wapandya wenyewe, na mpaka leo watazamaji wanaamini ndivyo ilivyokuwa.

Shida ni moja tu: katika filamu zetu Wapandya hushindwa. Waandishi wetu wanawapenda Wachola, basi. Kwa hiyo kila bendera ya samaki aliishona mara tatu: ya kuchomwa moto, ya kukanyagwa na farasi, na ya akiba mwongozaji akitaka kuchoma tena. Alizichovya kwenye chai zionekane za kale, akazipiga pasi, akazipeleka mwenyewe kuuawa. Mimi mtu wa Thanjavur, nchi ya Wachola, nilikuwa nikimtania kwa hilo. Naye hunijibu kwamba chui wetu ana macho ya paka aliyeiba maziwa, na kwamba anajua kwa sababu ndiye aliyemchora.

Na lile kosa la ofisi inayotukodia watu wa kuigiza askari, nani atalisahau? Walileta mabasi ya wanavijiji kutoka Madurai, wakawavisha mavazi ya Wachola! Bendera ya samaki ilipoanguka, jeshi zima la washindi likasusa. Wengine waliiokota wakaipangusa vumbi. Mwongozaji alifoka hadi sauti ikamkauka, Bi. Pechi alicheka mpaka akakaa chini. Jioni nilimkuta anaikunja, machozi yanamtoka. Aliniambia anatamani, kabla hajastaafu, aione japo mara moja ikisimama juu ya ngome hadi mwisho wa filamu.

Mwaka huu filamu ya ushindi wa Wapandya ikaja, hatimaye. Bi. Pechi akashona bendera ya hariri. Kisha tukaambiwa bendera ya ushindi itachorwa kwa kompyuta, kinachotakiwa ni kitambaa kitupu cha kijani. Akakishona. Hakulalamika, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Siku ya kupiga picha aliomba jambo moja: bendera yake ipandishwe kwanza, kamera zikiwa zimezimwa, ili waigizaji wajue wanatazama nini. Ikapanda. Upepo ukaikunjua juu ya ile ngome ya mbao, samaki wote wawili. Wapishi, mafundi umeme, wapiga picha, sote tukasimama. Mimi Mchola nilivua kofia. Bi. Pechi alitazama kidogo tu, akasema, "Haya, shusheni sasa, nisije nikazoea."

Dada yetu, ahsante kwa kila mshono. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na mapumziko mema huko Madurai. Sinema haitawaonyesha samaki wako wakiwa juu vile. Sisi tuliwaona.