Mfupa Wangu Ulihama Nikiutazama

Ndugu zangu wa kambi ya polisi, mnaosali Ijumaa na sisi wa Jumapili, mnaniona nimesimama na tarumbeta. Nawaambia, kuna wakati niliificha chini ya kitanda nisiione.

Boda iliniangusha Kabalagala, meno manne ya mbele ya juu yakabaki barabarani. Nikavaa ya bandia, yale ya kuvua. Kwenye bendi ya polisi, nikipuliza tu, yanaruka. Wakanihamishia kwenye ngoma. Niliumia, jamani. Bila tarumbeta mimi ni nani?

Daktari mmoja wa Bukoto akaniambia mfupa wa juu hulika ukikaa bila meno, na wangu ulikuwa mwembamba mno kushika meno ya kupachika mfupani. Kwanza akate kipande cha mfupa nyongani, akifunge pale juu kwa skrubu ndogo, tusubiri kishike.

Nyongani! Mnacheka, lakini nyonga na figo ni majirani. Nikamhoji kama mtuhumiwa: kwa nini unilaze usingizi? Nani mwingine atakuwamo? Mke wangu akaninong'oneza, "Mzee, huyu anataka figo tu." Tukaondoka bila kuaga.

Kuchoshwa na ngoma kukanirudisha kwa daktari, na masharti. Silali. Mfupa ni kidhibiti cha kesi, hautoki machoni pangu. Mke wangu atakuwa shahidi. Daktari akasema, "Sawa, bwana ssebo. Basi tuuchukue nyuma ya taya la chini. Hapo ganzi inatosha, utatazama kwenye kioo."

Nikashuku zaidi. Mbona amekubali haraka?

Siku yenyewe sikusikia maumivu, mtikisiko tu. Katikati nikainua mkono. Daktari akasimama. Akauinua mfupa kwa kibano, mdogo kama nusu ya karanga, una damu yangu. "Afande, wako huu. Niendelee?"

Ndugu zangu, tangu nianguke hakuna aliyekuwa ameniuliza nataka nini. Machozi yakanitoka, mdomo wazi. Nikaitikia kwa kichwa.

Akanikataza kupuliza miezi kadhaa. Nikamuuliza kama amehongwa na yule aliyekalia kiti changu kwenye bendi. Akacheka, akanionyesha kwenye picha ya eksirei mfupa ukishika. Baadaye ndipo akapachika meno.

Namshukuru yeye, na mke wangu, aliyesimama saa zote hizo akiikodolea macho mikono ya daktari. Kushuku si dhambi. Ila shaka lako mpelekee daktari mwenyewe, usilifuge nyumbani.

Sasa napuliza. Na nyie wa mstari wa mbele mnaongoja meno yaruke, nimewaona. Kaeni hapo hapo.