Mlinzi wa Nyumba Moja

Kwenye foleni ya mpakani Busia, Taaka alitega sikio. Mbele yake Maurine, muuguzi wa upande wa Kenya, alikuwa akimweleza mama mmoja wa Kisoko, upande wa Uganda, kuhusu saratani.

"Kabla seli haijagawanyika, inakaguliwa na mlinzi, kama sisi hapa. Vinasaba vikiharibika, inasimamishwa vikarabatiwe. Visipokarabatika, inajiua."

Taaka, mchuuzi ambaye mayai yake ya biashara yamezoea kukwepa ukaguzi kwa njia za panya, akaangalia kando.

"Sasa hii seli yangu ilipita namna gani?" mama akauliza.

"Mlinzi alilala, mama. Ikapita, ikazaana."

"Mimi, dada yangu, na mama yetu? Mlinzi gani analala kwa nyumba moja tu?"

Maurine akamsogelea. "Wengine humrithi akiwa tayari amelala. Una binti, mama?"

Foleni ikasogea. Mama hakusogea, na Taaka, asiyejua kuvumilia foleni, hakumsukuma.