Mzee Jairus Mosonik na Sili ya Injekta ya Nne

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Jairus Kipngetich Mosonik ataweka spana chini baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji ya kiwanda chetu cha chai hapa Konoin. Aliingia mwaka wa 1994 kama kibarua wa kuosha malori. Anaondoka akiwa fundi ambaye madereva wote humtafuta kwanza, ingawa kwenye karatasi hakuwahi kupanda kuwa msimamizi wa gereji. Sababu yake naijua, na ndiyo maana niliomba niandike ukurasa huu mimi mwenyewe.

Tuanze na kazi yake. Mafundi wengi husikiliza injini. Mzee Jairus huinusa kwanza. Mara mbili amenitoa gerejini kwa heshima zote, kwamba marashi yangu yanamchanganyia petroli. Mwaka wa 2006 alinusa lori likipita getini, akalisimamisha kwa kofia yake, na kweli bomba la mafuta lilikuwa limechanika. Dereva alikuwa amekasirika kwa kucheleweshwa. Alipoona lile bomba, alimnunulia chai na mandazi wiki nzima.

Lakini aliyetaka kumwona Mzee katika ubora wake alingoja siku ya injekta. Injekta ni kifaa kidogo kinachorushia mafuta ndani ya injini, na kila moja huvaa pete za mpira, yaani sili. Sili ikikauka na kupasuka, petroli huvuja juu ya chuma chenye moto. Mzee hakuwa na haraka. Alichomoa fyuzi ya pampu akaacha injini izime yenyewe kwa kukosa mafuta, ndipo akafungua betri. Alizipanga injekta kwa mfuatano wake juu ya kitambaa safi. Sili kuukuu aliitoa kwa kijiti, kwa kuwa bisibisi hukwaruza. Mpya aliipaka oili kidogo ili iingie bila kujikunja. Mwisho alirudisha fyuzi na betri, akafungua swichi bila kuwasha injini, akapitisha kidole kwenye kila injekta. Kidole kikitoka kikavu, gari lilienda. Kikiwa na unyevu, alianza upya.

Na kuna tabia yake ya betri. Gari alilokataza lisitoke, yeye huling'oa betri na kuifungia kabatini. Madereva wapya hucheka kwamba Mzee ana wivu wa betri. Hawajui tabia hiyo ilianza lini.

Ilikuwa Machi 2018, siku ya Jumanne. Pikapu yetu nyeupe ya petroli ililetwa ikinuka. Mzee alizitoa injekta zote nne na kukuta sili zimechoka. Stoo ilikuwa na za kutosha injekta tatu tu. Alizibadilisha hizo, akarudisha ya nne na sili yake iliyopasuka ili gari lisibaki wazi, kisha akaandika kwenye kadi ya kazi kwamba lisitoke mpaka Alhamisi, sili nyingine zitakapofika kutoka Kericho mjini. Kadi aliiweka mezani kwangu. Wakati huo, kama leo, mimi ndiye afisa wa uchukuzi.

Asubuhi ya Jumatano nilihitaji gari la kupeleka mashine ya kupimia unyevu wa majani upande wa Chepseon. Kadi nilikuwa nimeisoma. Nilijiambia kwamba injekta moja kati ya nne si neno, nikampa dereva wetu Osoro ufunguo.

Pikapu ilishika moto kwenye mlima, kabla hajafika. Osoro aliruka salama, lakini alirudi kuokoa ile mashine, na mkono wake wa kushoto ukaungua hadi kwenye kiwiko. Hajashika usukani tena. Mnamwona kila asubuhi pale getini, ndiye anayewafungulia.

Kamati iliponiuliza kama nilijua gari lilikuwa bovu, nilisema sikuambiwa. Kadi ilikuwa ndani ya droo yangu. Mzee Jairus alisema aliandika, lakini hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Alipewa barua ya onyo, na nafasi ya msimamizi wa gereji, iliyokuwa yake kwa haki, ikaenda kwa mtu kutoka nje. Siku alipopokea barua ile alipita ofisini kwangu, akaangalia droo, akaniangalia mimi, akarudi gerejini. Baada ya hapo amenihudumia miaka saba bila neno baya, na kila gari alilonipa lilikuwa zima. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Mwezi uliopita nilimpelekea meneja kadi ile. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili ya Mzee, na kosa langu limeandikwa kwenye faili yangu. Osoro nilimwendea nyumbani kwake, mbele ya mke wake, nikamweleza. Alisikiliza, kisha akaniomba niende. Sina la kumlaumu. Cheo cha Mzee hakuna awezaye kukirudisha; miaka imekwisha.

Ukurasa huu nilimpa Mzee ausome kabla haujachapwa. Niliandika kwamba alinyamaza miaka yote kwa sababu ya upole wake. Aliomba kalamu, akaikata sentensi hiyo.

“Haikuwa upole, Madam Molly,” alisema. “Cherotich wangu alikuwa Form Three. Ningebishana na wewe, ningefutwa. Andika hivyo.”

Nimeandika hivyo. Cherotich sasa ni muuguzi, na ndiye atakayekuja na gari Ijumaa kumchukua baba yake.

Mzee Jairus, kwa niaba ya wafanyakazi wote, kongoi, yaani asante, kwa magari yaliyoturudisha nyumbani na kwa watu wengi waliofika bila kujua kwamba wewe ndiye uliyewafikisha. Tunakuombea afya njema, ng'ombe wenye maziwa, na asubuhi ndefu zisizo na king'ora cha kiwanda. Na mimi, kwa niaba yangu peke yangu, nakuomba msamaha mbele ya hawa wote, kama nilivyokukosea mbele yao.

Molly Chepngetich,
Afisa wa Uchukuzi