Mama Yangu Alivyoanza Kula Tena

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu, hata zikitoka kwa sauti ndogo kama yangu! Mimi ni Nashipae, niko form two. Wengi wenu hamjawahi kunisikia nikiongea. Nimeandika ushuhuda huu ndio nisitoroke katikati.

Kwetu ni upande wa Kisaju, ukitoka Kitengela. Mwaka jana mama alikuwa na mimba. Kulikuwa na ukame, na baba alikuwa amepeleka ng'ombe mpaka Oltepesi. Nyumbani tulibaki mama, mimi na kokoo, yaani nyanya yangu. Mama hasikii Kiswahili, anajua Kimaasai tu, kwa hivyo siku ya kliniki mwalimu alikuwa ananiruhusu niende kumtafsiria.

Wengine hapa hamjui desturi hii. Kwetu, mimba ikikua, mama anapunguza chakula ili mtoto awe mdogo, atoke bila shida. Akila kitu cha mafuta anajitapisha. Mama alikuwa anaishi kwa maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ndugu zangu, alikuwa anakauka nikiona! Akitaka kuinuka, anashika ukuta kwanza. Nilikuwa naomba chini ya blanketi: Mungu, usinichukulie mama.

Na kliniki tulikuwa tunaisifu! Jirani yetu, Mama Kioko, alikuwa anachekesha foleni yote: "Hii kliniki ni tamu, jameni. Unapanda mzani, unashikwa tumbo, unatoka kabla benchi halijapoa."

"Na ukiwa na shida?" mmoja akamuuliza.

"Imeze tu! Ukilalamika utaambiwa hukuwauliza wakati wa kushika hiyo mimba."

Wote wakacheka. Mama hakuelewa mzaha, lakini naye aliridhika kabisa na kliniki hiyo, kwa sababu hakuna mtu alimuuliza kitu.

Siku moja tukapata sista mpya, yaani muuguzi, Sista Mwende. Akavuta kope ya mama chini kidogo, akaangalia kama ana damu. Halafu akaniambia, "Muulize mama jana alikula nini."

Nikauliza. Mama akajibu bila kupepesa jicho: "Mwambie ugali, nyama na mboga."

Ndugu zangu, mboga tungetoa wapi na ule ukame! Nimelelewa kwamba mzazi haaibishwi mbele ya wageni. Nikasema moyoni, Yesu, nisaidie. Nikafungua mdomo. "Sista, ameniambia niseme ugali na nyama. Lakini hali chakula. Ameacha kula kitambo."

Mama hakuelewa maneno, lakini aliona uso wangu. "Nakerai, mwanangu, umemwambia nini?"

Nikamwambia. Akaanza kufunga shuka yake aondoke. Nikangoja sista apige kelele, vile wengine hupiga. Hakupiga. Alimshika mama mkono, akaniambia, "Muulize ni kwa nini."

Kwa nini! Hakuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza mama hivyo. Hata mimi. Alisimama mlangoni, hatoki, haingii. Kisha akaongea polepole, na mimi nikatafsiri nikilia. Alisema mtoto aliyenifuata mimi alikwama mpaka jua likazama na likachomoza tena, akatoka amekufa. "Nikimlisha huyu," mama akasema, "atakwama kama yule."

"Mwambie pole sana," sista akasema. "Mwambie si yeye alimuua. Na huyu asimzalie nyumbani, aende hospitali Kajiado. Akikwama kuna daktari wa kumpasua. Lakini daktari atampasuaje mtu hana damu? Lazima ale."

Mama akafikiria. "Muulize, yeye amezaa?"

"Wawili."

"Na alikuwa anakula?"

Sista akajipiga kiunoni. "Si ananiona nilivyonenepa!"

Mama akacheka! Sikuwa nimesikia hicho kicheko tangu mvua ikatike.

Nyumbani kokoo alikuwa mkali: "Huyo sista ndiye atakuja kumzalisha?" Mama hakubishana naye. Kliniki iliyofuata alimleta, na kokoo akamuuliza sista maswali yake yote, mpaka foleni ikaanza kunung'unika nje. Siku hiyo kokoo mwenyewe ndiye alipika maharagwe. Mama akala, akameza na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa na sista.

Siku ikafika. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, na kule Kajiado wakampeleka mama kupasuliwa. Nilikaa kwa nyasi nje, nimeshindwa hata kuomba, nasema tu Yesu, Yesu. Daktari akatoka. "Wewe ndiye msichana wake? Mama yako yuko sawa. Damu imetosha."

Haleluya, ndugu zangu! Damu imetosha! Mama yangu ni yule pale mbele, na mtoto anayelia mgongoni mwa kokoo ndiye huyo. Ana sauti kubwa kuliko mimi.

Namshukuru Mungu aliyemleta mtu wa kumuuliza mama, na akanipa mdomo siku hiyo. Mama zangu na dada zangu mlio na mimba humu ndani, mtumainieni Bwana, na mwambieni sista ukweli, hata kama hajawauliza. Kama unaogopa, mimi pia naogopa, ndio maana nasoma kwa karatasi. Kama ni lugha inakushinda, usiende peke yako. Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni. Niguse tu bega, na siku ya kliniki tutaingia pamoja.